Mita Mia Tatu Kutoka Relini

Nimekaa mahakamani miaka ishirini na mbili nikiandika maneno ya watu, na neno nililoliandika mara nyingi kuliko yote ni "nakubali". Kesi za barabarani husikilizwa Jumanne. Madereva huitwa mmoja mmoja, husomewa shtaka, hukubali, hulipa, huenda zao. Wapo wanaokubali hata kabla shtaka halijaisha kusomwa. Kufika saa nne chumba kimebaki na viti, na hakimu anaulizia chai.

Jumanne moja aliitwa mwanamke, na sote tukadhani kizimba kiko wazi. Juu ya ubao kilionekana kilemba na macho mawili tu.

"Mshtakiwa yuko wapi?" hakimu aliuliza huku akijivuta mbele.

"Nipo, mheshimiwa. Ubao wenu ndio mrefu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Nilimsomea shtaka: kuendesha boza la maji kwa mwendo wa kilomita themanini na nne kwa saa, mahali panaporuhusiwa hamsini, karibu na kivuko cha wanafunzi. Mahali penyewe askari alikuwa ameandika kwa mkono wake: mita mia tatu kutoka relini, mara baada ya gari moshi kupita na geti kufunguliwa.

"Unakubali au unakataa?"

"Ninakataa."

Mkono wangu ulikuwa umeshaandika "nakub". Ilibidi nikate.

Mwanamke huyo nilimjua kidogo kupitia mumewe. Mumewe ni mshonaji, na mwili wangu, wa kilo mia na kumi, si wa kuingia dukani na kuchagua suruali iliyoshonwa tayari. Kwa hiyo mambo mengi ya nyumbani kwao niliyasikia baadaye, nikiwa nimesimama mikono juu, napimwa kiuno.

Jina lake la kazini lilikuwa Kijiko. Aliingia kwenye yadi ya maji kama muosha magari. Kila gari aliloliosha alilisogeza mwenyewe, hatua kumi mbele, hatua kumi nyuma, mpaka siku moja dereva aliugua na yeye akamwambia mwenye yadi kwamba anaweza kulipeleka boza mjini. Mwenye yadi, ambaye wafanyakazi wote humwita Tajiri, alimtazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili, safari ambayo haikuchukua muda, akasema, "Wewe? Labda uwapelekee maji kwa kijiko." Alilipeleka, akalirudisha bila mkwaruzo. Jina likabaki, na kazi pia ikabaki, miaka kumi na tisa.

Alikalia mito miwili aliyoshonewa na mumewe, na kwenye pedeli alikuwa amefungia vibao ili miguu ifike. Boza lake lilibeba lita elfu kumi. Alilibandika jina la Bibi Harusi, kwa sababu mbele za watu halikuwahi kutembea haraka.

Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyelijua gari lile kama yeye. Maji, alikuwa akisema, ni mzigo usiodanganya: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi likijaa umebeba tani kumi, na lori lenyewe lina tani saba. Hakuhitaji mzani. Kutoka kwenye geti la reli kwenda shuleni, gari likiwa tupu, alikuwa anaingiza gia ya nne akifika kwenye kalvati, lile daraja dogo la mtaro. Likiwa limejaa, kalvati hiyo hiyo aliipita angali gia ya pili, injini inalia kama mtu anayepandisha kabati ghorofani. Mguu ni uleule na mafuta yaleyale, ila mzigo ndio umebadilika.

Siku ya tukio alikuwa wa kwanza kwenye geti. Gari moshi lilipita, geti likainuka, akaondoka taratibu kama kawaida yake. Nyuma yake kulikuwa na gari dogo la rangi ya fedha ambalo halikuwa na subira. Lilimpita kwenye kalvati, likapotea. Mbele, karibu na bango la matangazo, askari akatoka barabarani na mkono juu. Kidude chake cha kupimia mwendo kilikuwa kinaonyesha themanini na nne.

"Mama, unakimbilia wapi na maji yote hayo?"

"Mwanangu, mimi nakimbia?" Kijiko aliuliza. Anasema alitazama nyuma kwanza, akidhani askari anaongea na mtu mwingine.

Kama lingekuwa kosa la kawaida, pengine angenung'unika na kulipa. Lakini miezi miwili kabla ya hapo mwanafunzi mmoja alikuwa amegongwa pale kivukoni, akavunjika nyonga. Tangu hapo anayekutwa na mwendo mkali mahali pale hunyang'anywa leseni mwaka mzima. Na shule ya mtoto huyo ndiyo aliyokuwa akiipelekea maji. Asubuhi baada ya kuandikiwa kosa, alipokuwa akifungulia bomba shuleni, mama mmoja alimvuta mtoto wake mbali na boza na kusema kwa sauti ya kusikika, "Njoo huku, huyo ndiye yule wa themanini."

Neno hilo lilimuuma kuliko kunyang'anywa leseni.

Siku alipotoka mahakamani Tajiri alimwita ofisini. Alikuwa na shughuli nyingi, au alitaka ionekane hivyo: aliongea huku akisaini karatasi.

"Kesi ya dakika mbili umeifanya ya wiki mbili. Kwa nini hukukubali?"

"Kwa sababu sikukimbia."

"Nani kakuuliza kama ulikimbia? Kubali yaishe. Faini nitalipa mimi. Mwaka huo mmoja utakaa hapa ofisini, utajibu simu."

"Tajiri, gari lile halifiki themanini hata ulisukume kutoka mlimani."

Hapo Tajiri aliacha kusaini. Alinyanyuka, akafunga mlango, na sauti yake ikashuka.

"Hayo ya gari linafika wapi na halifiki wapi, usiyapeleke mahakamani. Umenielewa?"

Alimwelewa vizuri sana. Miaka mitatu nyuma, injini ya Bibi Harusi ilikuwa imekufa. Ilikuwa injini ya nguvu za farasi mia mbili na arobaini. Tajiri hakununua nyingine kama hiyo. Alinunua iliyotolewa kwenye lori dogo la mizigo, ya farasi mia moja na sitini, ikafungwa humo, na kadi ya gari haikuguswa. Kwenye karatasi gari lilikuwa na mabega yaleyale ya zamani. Barabarani lilikuwa limepoteza thuluthi ya nguvu zake, na mzigo haukupunguzwa hata ndoo moja. Tangu siku hiyo Kijiko alijifunza upya kuendesha: kuacha nafasi kubwa, kutojaribu kumpita mtu, kuanza kukusanya mwendo wa mlima tangu kule bondeni.

Fundi aliyeifunga injini hiyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi mkuu wa yadi.

Usiku si wakati wa maneno nyumbani kwa mshonaji, kwa sababu yeye hulala mapema kama kuku. Mazungumzo yalifanyika Jumapili mchana, dukani, mashine ikiwa imefunikwa kitambaa. Shemeji alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini.

"Shemeji," Kijiko alimwambia, "nataka uje useme ile injini ni ipi."

"Shemeji, mimi nina watoto wanne."

"Na mimi nimezaa paka?"

"Sijasema hivyo. Nasema Tajiri atanifukuza siku hiyohiyo. Wewe kubali tu, yaishe."

"Yaishe kwa nani?" Aliwageukia wote wawili, maana mumewe naye alikuwa ametikisa kichwa kuunga mkono. "Kwa Tajiri yataisha, na kwa askari pia. Wewe nawe utaendelea na spana zako. Mimi nitapita kivukoni pale kwa miguu, wazazi wananiangalia kama mtu aliyetaka kuua watoto wao. Hiyo ndiyo kuisha?"

Shemeji alitazama kofia yake. "Mahakama haitakusikiliza, shemeji. Wana kipimo, wana askari, wana kadi. Wewe una nini?"

"Nina gari lenyewe."

Shemeji aliondoka bila kunywa chai. Mshonaji alibaki akiviringisha tepu yake ya kupimia kidoleni na kuifungua, akiviringisha na kuifungua.

"Askari ameandika mita mia tatu," alisema mwishowe. "Alipima?"

"Atapimia nini? Amekisia."

Alfajiri ya Jumatatu, watu waliokuwa wakienda kazini walimwona mshonaji mzima, mwenye mvi na miwani, amepiga magoti pembeni ya barabara na tepu ya cherehani, mita moja na nusu, anaweka chaki, anasogea, anaweka chaki. Mkewe alikuwa nyuma yake na daftari, akichora mstari mmoja kwa kila kipande. Mtu mmoja aliuliza kama wanashonea barabara suruali. Mshonaji alimjibu kwamba kwanza wanatafuta urefu wa mguu. Vipande vilikuwa mia moja tisini na saba na kidogo. Mita mia mbili tisini na sita.

"Amekosea mita nne tu," mshonaji alisema akijifuta magoti. "Jicho lake si baya."

"Jicho si baya. Kidude chake ndicho sikiamini."

Kesi iliporudi, chumba kilijaa. Habari za mtu anayekataa huenea. Tajiri alikaa benchi la tatu. Shemeji alisimama ukutani karibu na mlango.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana msafi, aliyejiandaa. Alimleta askari, askari akasema alichoona. Kisha akanyanyua kadi ya gari kama mtu anayecheza turufu.

"Mheshimiwa, mshtakiwa anasema gari lake haliwezi. Kadi hii inasema nguvu za farasi mia mbili na arobaini. Nimeulizia kwa wanaojua. Lori la tani saba lenye nguvu hizo, likiwa tupu, kwa mita mia tatu linaweza kabisa kufika themanini."

"Halikuwa tupu," Kijiko alisema.

Alikuwa amemwita mwalimu mkuu, naye alileta kitabu cha kupokelea maji: siku ileile, saa nne na dakika hamsini na tano, robo saa tu baada ya kusimamishwa, lita elfu kumi. Mwendesha mashtaka alikitazama na kusema kitabu kimeandikwa kwa kalamu, na kalamu kila mtu anayo. Mwalimu mkuu alikasirika kiasi kwamba miwani ilimdondoka.

Hakimu alimgeukia Kijiko. Alikuwa mtu mzima, hakimu wetu, mchovu wa madereva, lakini alikuwa anasikiliza. "Mama, nieleze. Mimi naendesha gari dogo. Nikikanyaga, linaondoka. Kwa nini lako lisiondoke?"

"Mheshimiwa, gari lako lina uzito gani?"

"Sijui."

"Halifiki tani moja na nusu. Tuseme lina farasi mia moja. Kila tani imepata farasi zaidi ya sitini wa kuivuta. Langu likijaa lina tani kumi na saba. Hata ukiamini kadi hiyo, kila tani inapata farasi kumi na wanne. Mtu mwenye nguvu zilezile ukimpa mkoba atakimbia, ukimpa gunia la mchanga atatembea. Atafika, lakini mwendo wake ataupata mbali sana, si pale pale alipoanzia. Mimi kutoka relini hadi kwenye bango nakuwa ndiyo kwanza nautafuta mwendo."

"Na likiwa tupu?"

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona anatazama benchi la tatu, Tajiri akamtazama, akatikisa kichwa mara moja tu, taratibu.

"Likiwa tupu," Kijiko alisema, akiinua sauti, "gari la kwenye kadi hiyo lingefika. Langu halifiki. Injini iliyomo humo si ya kwenye kadi. Ni ndogo. Ilibadilishwa miaka mitatu iliyopita, na mimi nimekuwa nikiiendesha nikijua. Hilo ni kosa langu, na nalikubali. Andika hapo, karani: hilo nalikubali. La kukimbia, sikubali."

Niliandika. Benchi la tatu lililia, maana Tajiri alisimama ghafla.

Mwendesha mashtaka alisema hayo ni maneno matupu ya mtu anayetaka kujiokoa. "Basi twende tukajaribu," Kijiko alimjibu. "Palepale na gari lilelile, kwa kidude kilekile."

"Ukiendesha wewe, utakanyaga nusu."

"Aendeshe askari wenu. Akanyage mpaka mguu utokee chini. Akilifikisha themanini na maji yake, mheshimiwa, hayo maji nitayanywa yote mimi."

Hakimu alijaribu kuficha mdomo kwa karatasi. Alikubali jaribio. Pia aliamuru boza lishikiliwe na polisi hadi siku hiyo, asije mtu akaligusa, na akaniamuru mimi niwemo ndani ya gari na saa, kwa niaba ya mahakama.

Alhamisi asubuhi barabara ilifungwa kwa muda wa saa moja. Polisi walimleta dereva wao wa malori, jamaa mrefu, mwenye mabega. Alipoingia alikuta mito miwili kwenye kiti, akaitoa, na vibao kwenye pedeli vikamkwaza miguu. Kijiko alivifungua mwenyewe, kimoja kimoja, bila kusema neno. Miaka kumi na tisa hakuna mtu mwingine aliyekalia kiti kile. Sasa yeye alikaa upande wa dirisha, mimi nikabanwa katikati.

Mwendesha mashtaka alikuja dirishani. "Karani ni mzito. Uzito wake utalichelewesha gari."

"Kilo mia moja kwenye tani kumi na saba?" Kijiko alimwambia. "Huyo ni nzi mgongoni kwa ng'ombe. Mwache akae."

Sikuwahi kuitwa nzi kabla ya siku ile. Nilifurahi.

Bendera ilishushwa. Dereva wa polisi alikanyaga mpaka mwisho. Injini ilinguruma, kila kitu ndani kilitetemeka, na Bibi Harusi akaanza kutembea. Ndiyo, kutembea. Nilitazama nje nikaona mwendesha baiskeli wa upande wa pili, aliyekuwa amezuiwa na askari, anatuangalia kwa huruma. Gia ya kwanza ilichukua muda. Ya pili tukapita kwenye kalvati nayo. Jasho lilikuwa linamtoka dereva. "Nenda, we mama," aliliambia gari, "nenda!" Tulipofika kwenye bango nilibonyeza saa. Sekunde thelathini na tisa. Kidude cha askari kilisoma arobaini na moja.

Walirudia. Arobaini na mbili.

Kisha maji yalifunguliwa kwenye kisima cha shule. Ilichukua karibu nusu saa, na saa moja ya polisi ikapitiliza, madereva waliozuiwa wakaanza kupiga honi. Tulirudi relini tukiwa watupu, na hata mimi nisiyejua gari nilihisi tofauti mgongoni: safari hii lori liliruka kidogo lilipoondoka. Gia zilifuatana haraka, kwenye kalvati tulikuwa na ya nne, na bango likaja upesi. Sekunde ishirini na sita. Sitini na tatu.

Umbali uleule, mguu uleule, injini ileile. Tani kumi za maji ndizo zilizokuwa zimekula kilomita ishirini na mbili za mwendo.

"Sitini na tatu," hakimu alisema. Alikuwa amesimama chini ya bango na mwavuli. "Likiwa tupu. Mwendesha mashtaka, ile kadi yako ilisema nini?"

Kijana alifungua kadi, akaifunga. Alisema pengine gari limechoka.

"Fungueni boneti. Fundi wa yadi yuko hapa?"

Shemeji alikuwepo. Tajiri alikuwa amemleta mwenyewe, na alikuwa amesimama karibu naye sana, bega kwa bega. Shemeji alisogea hadi kwenye gari kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano. Alipanda, akainamia ndani, akafuta kibati cha injini kwa kitambaa.

"Mheshimiwa, mimi sijui lolote kuhusu..." alianza.

"Sikuulizi unajua nini," hakimu alimkatiza. "Soma namba tu."

Shemeji aligeuka, kitambaa mkononi. Alimtazama Tajiri, kisha akamtazama shemeji yake. Kijiko hakumsaidia, wala hakumwonyesha uso wa kumsihi. Alikuwa amesimama na mito yake miwili kwapani, ametazama mbele.

Alisoma. Tarakimu moja, kisha nyingine, kwa sauti ya mtoto anayesoma ubaoni, na mimi nikafuatisha kwenye kadi kwa kidole. Kuanzia ya tatu hazikulingana tena. Alipofika mwisho aliendelea bila kuambiwa: "Nguvu za farasi, mia moja na sitini. Niliifunga mimi, mheshimiwa." Akashuka, akakaa chini kwenye nyasi.

Hakimu alimwita askari. "Siku ile, kulikuwa na gari jingine karibu na boza?"

Askari alikuwa kijana mnyoofu, lazima nimpe haki yake. Alifikiri. "Kulikuwa na dogo lililompita, mheshimiwa. La rangi ya fedha. Lakini kidude nilikielekeza kwa lori."

"Kwa nini kwa lori?"

"Ndilo lililokuwa kubwa."

Hukumu ilitolewa Jumanne iliyofuata, mistari sita, niliipiga chapa mwenyewe. Shtaka la mwendo lilifutwa. Kwa kuendesha gari lisilolingana na kadi yake, Kijiko alionywa. Boza lilizuiwa kutembea hadi kadi irekebishwe na mzigo upunguzwe ulingane na injini, na Tajiri akaandikiwa shtaka lake mwenyewe. Tajiri aliposomewa, alikubali, yakaisha.

Mumewe alifunga duka siku hiyo akaja kumchukua. Nje ya mahakama Tajiri alikuwa anawangoja.

"Kuanzia leo usikanyage kwenye geti langu."

"Nitakanyaga mara moja tu," Kijiko alimjibu. "Nina cheti cha kazi cha kuchukua."

Alikwenda kesho yake, akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa Tajiri hayupo, na gari la Tajiri liko hapo. Siku ya tatu alikwenda na mito yake, akaiweka chini mbele ya geti, katikati, akakaa. Maboza matatu yalikuwa yanataka kutoka. Madereva walizima injini, wakashuka, mmoja akamletea maji ya kunywa. Hakuna aliyepiga honi. Baada ya saa moja na nusu cheti kililetwa kwa mkono wa mlinzi.

Alikisoma. Kilisema: ameacha kazi kwa hiari yake.

"Rudisha," alisema. "Sijaacha. Nimefukuzwa. Aandike amenifukuza."

Mlinzi alimwonea huruma. "Mama, hiki ndicho kizuri. Ukienda kuomba kazi mahali pengine, nani atamchukua aliyefukuzwa?"

"Hiyo ni shida yangu mimi. Rudisha."

Kilirudishwa. Kilikuja kipya, na neno "amefukuzwa" liliandikwa kwa nguvu kiasi cha kutoboa karatasi. Aliinuka, akakung'uta mito, akawaachia madereva njia.

Mlinzi hakukosea. Kwa miezi mitano Kijiko alikaa dukani kwa mumewe akishona vifungo, na lazima niseme vifungo vyake ni vibaya; nina shati ambalo kola yake imefungwa upande. Wenye malori walimjua. Walisoma cheti, wakasema watampigia simu. Shemeji aliendelea na kazi yadini, maana mafundi wa kweli hawaokotwi, lakini hakuja dukani muda huo wote. Alipokuja, alikaa kwenye kiti cha wateja na kusema anataka suruali. Kijiko alichukua tepu akampima mwenyewe. Hawakuzungumza kuhusu injini. Aliambiwa arudi Ijumaa, na chai alikunywa.

Kisha mwanamke mmoja mwenye machimbo ya kokoto alisoma kile cheti hadi mwisho, akauliza: "Umefukuzwa kwa nini?"

"Kwa kusema gari lina injini gani."

"Na langu ukilijua, utalisema?"

"Nitakuambia wewe kwanza. Usiponisikiliza, nitasema."

Yule mama alimrudishia cheti. Alisema lori lake linasumbua kwenye kilima cha kutokea machimboni, na kila dereva anamwambia linataka injini mpya. Kijiko aliomba kuliona. Alilizunguka mara mbili, akapanda nyuma, akatazama jinsi lilivyopakiwa, akauliza wanapakia makoleo mangapi ya mashine.

"Matano."

"Pakieni manne," alisema. "Ukishindwa kuongeza nguvu, punguza mzigo. Nipe ufunguo."

Alikwenda kuchukua mito yake nyumbani, na saa nane mchana alikuwa anapandisha kile kilima, gia ya pili, bila kusimama.